Mistari Miwili ya Tarehe Moja

Mkunga aliyenizalisha hakuwa na saa. Alikuwa na daftari, kalamu ya wino wa bluu, na mwandiko alioupata ukubwani katika darasa la elimu ya watu wazima, herufi kubwa kubwa zilizosimama mbali mbali. Kila mtoto aliyempokea, upande ule wa Kamanga na vijiji vya ndani zaidi Sengerema, alimwandikia mstari mmoja: tarehe, jina la mama, jina la baba, jina la mtoto, na uzito kama mizani ilikuwepo. Saa ya kuzaliwa hakuiandika, kwa sababu hakuijua na hakuwa mtu wa kubuni. Mapacha aliwaandikia mistari miwili, aliyetoka kwanza juu, aliyemfuata chini yake. Hapakuwa na neno lolote la kueleza nani alianza. Mpangilio wenyewe ndio uliosema.

Mimi ni mstari wa chini wa mistari miwili ya namna hiyo. Mstari wa juu ni dada yangu, ambaye hakumaliza wiki mbili duniani. Hana picha, hana cheti, na kaburi lake hatuwezi tena kulionyesha kwa kidole, maana shamba lile liliuzwa na aliyelinunua akajenga. Kwetu Usukumani majina ya mapacha hayachaguliwi. Anayetangulia ana lake, linaanza na K, na anayefuata ana lake, linaanza na D. Kila mtu wa Mwanza anayajua bila mimi kuyataja. Kwa hiyo mtu akisikia jina langu anajua papo hapo kwamba nina mwenzangu, na huniuliza yuko wapi. Nimeulizwa swali hilo shuleni, sokoni, kanisani na kwenye dirisha la benki. Mimi hujibu kwamba alifariki tukiwa wachanga, na watu hubadilisha mazungumzo.

Kazi yangu ni kupanga kurasa. Niko katika ofisi ndogo ya uchapaji mjini, na sipangi kwa kuburuta maneno kwenye skrini kama wengi wafanyavyo. Vitabu vyetu vingi ni vya orodha: sajili, kamusi ndogo, kumbukumbu za vikundi. Taarifa zake huwekwa katika mafaili ya XML, yaani maandishi ambayo kila kipande chake kimepewa jina lake: hili ni jina la mtoto, hii ni tarehe, huyu ni mama. Kisha naandika maelekezo kwa lugha iitwayo XSLT, na maelekezo hayo hulichukua faili na kulitoa upande wa pili likiwa kurasa. Vijana wa kompyuta wakisikia hivyo wanacheka na kuniuliza kama bado natumia taipureta. Nawaacha wacheke. Hawajui wanachokikosa, na mimi si mhubiri.

Aliyenifundisha lugha hiyo ni mwenzangu wa ofisini, mzee wa Kiislamu mzaliwa wa mjini, ambaye ukoo wao wote ni mafundi cherehani. Yeye alijifunza peke yake kwa miaka, kutoka kwenye makaratasi aliyoyachapa na kuyatoboa na kuyafunga kwa uzi wa kushonea. Mimi hakunifundisha kwa makaratasi. Siku ya kwanza alinipeleka mwaloni, soko la samaki la ziwani, asubuhi, akachukua kwa mchuuzi mtungo wa sato, akauinua mbele ya uso wangu.

"Unaona nini?"

"Samaki."

"Wa kwanza yupi?"

Nikamwonyesha aliye karibu na fundo.

"Wa mwisho?"

Nikamwonyesha.

"Basi nusu ya kazi umeshaijua," alisema, na sato wale tukaenda kuwala kwake, mkewe akatuuliza tumetoka wapi saa za kazi.

Neno la vitabuni ni mfuatano. Yeye aliita mtungo, na mimi nimeita hivyo tangu siku ile. Katika lugha ile kila unachokishika ni mtungo. Ukiuliza lolote kwenye faili, unachopewa ni mtungo, pengine wenye vitu elfu, pengine kimoja, pengine hamna kitu. Samaki mmoja kwenye kamba na samaki mmoja mkononi, lugha haioni tofauti. Kamba tupu nayo ni mtungo halali. Inasema tu kwamba hakuna kitu, na kazi inaendelea. Nimekutana na lugha nyingine ambazo ukizipa kitu kitupu zinaanguka chini na kupiga kelele. Hii ina adabu zake.

Halafu kuna jambo ambalo mwanzoni lilinikera na sasa nalipenda kuliko yote: mtungo hauingii ndani ya mtungo. Ukiunganisha mtungo wa samaki wawili na mtungo wa samaki watatu, hupati samaki wawili na furushi. Unapata samaki watano, wa kwanza mpaka wa tano. Nilibisha. Nilimwambia mwenzangu kwamba huo ni upungufu, kwamba duniani kuna makundi ndani ya makundi, na lugha inayojiheshimu ingeyabeba.

"Makundi yabaki kwenye faili, mama," alinijibu. "Kwenye mtungo kila mmoja ana namba yake mwenyewe."

Ilinichukua karibu mwaka kukubali, na nilipokubali nilikubali kabisa. Na kuhesabu kwake kunaanza na moja. Lugha nyingi za kompyuta huanza na sifuri, ati wa kwanza ni wa sifuri. Nenda kamwambie hivyo mwanamke aliyetoka kujifungua.

Lilikuwepo somo la alama mbili pia. Ukiunganisha mitungo miwili kwa mkato, lugha inakutii wewe: inaweka vitu kwa utaratibu ulioutaja, na ukimtaja mtu mara mbili atakuwepo mara mbili. Ukiiunganisha kwa kistari cha wima, inalifuata faili: kila mmoja anarudi mahali alipoandikwa, na aliyetajwa mara mbili anabaki mmoja. Alama moja inamsikiliza anayesema, nyingine inamsikiliza aliyeandika. Niliposhika tofauti hiyo nilikaa nikaitafakari kwa muda. Kuna watu mahali fulani, siwajui na hawanijui, walikaa wakafikiri kwamba utaratibu wa aliyeandika nao ni habari, usipotee ovyo. Niliwaheshimu watu hao kama ninavyomheshimu mtu anayerudisha kitu ulichomwazima kikiwa kimeoshwa.

Basi siku moja wakaja ofisini akina mama watatu kutoka Kamanga, wamebeba ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Ndani yake mlikuwa na madaftari kumi na moja. Bibi mkunga, walisema, bado yu hai, lakini mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili, na wao wa jumuiya yake kanisani wanataka madaftari yale yawe kitabu kabla panya hawajayamaliza. Watoto wote wapangwe kwa tarehe, ili kila mtu aweze kujitafuta. Nilikubali kazi kabla mkuu wetu wa ofisi hajafungua mdomo, na baadaye aliniambia hivyo.

Mama yangu anaishi nami Buswelu. Nilipomweleza, alikuwa akipepeta mchele. Aliuweka ungo chini.

"Yumo?"

"Nani, mama?"

"Mwenzio."

Nilimwambia sijafungua bado. Akachukua ungo, akaupepeta mara mbili tatu, akaacha tena. "Akiwemo, nataka nimwone," alisema.

Katika maisha yangu yote mama hakuwahi kusema maneno mengi kuliko hayo kuhusu dada yangu. Kesho yake nilifungua madaftari moja baada ya jingine mpaka nikaipata mistari yetu, bluu iliyofifia, katika daftari la nne. Dada yangu alikuwa ameandikwa. Mahali hapo pekee, duniani kote. Ningeweza kumpigia mama picha ya ukurasa ule kwa simu siku hiyohiyo, na nimejilaumu kwa kutofanya hivyo. Lakini nilikuwa na majivuno yangu. Nilitaka amwone katika kitabu, kwa herufi nzuri, kwenye karatasi nyeupe, kazi ya mikono yangu. Nikamwambia tu kwamba yumo, asubiri.

Kazi haikuwa rahisi. Bibi alikuwa mtu wa kubana matumizi. Daftari likiisha alirudi kwenye kurasa tupu za daftari la zamani, na mengine aliyaanza kutoka pande zote mbili. Tuliyaingiza yote kwenye faili kama yalivyo, ukurasa kwa ukurasa, mstari kwa mstari, bila kubadilisha kitu. Kupanga kwa tarehe ingekuwa kazi ya maelekezo yangu. Amri ya kupanga katika lugha ile ni mstari mmoja mfupi, na nikauandika: panga kwa tarehe. Kisha mkono wangu ukaandika mstari wa pili chini yake: wakilingana tarehe, panga kwa jina la mtoto, kwa alfabeti.

Sikufikiri. Kila orodha niliyowahi kupanga ilikuwa hivyo. Wanafunzi, wanachama, wapiga kura, watu wote wanaolingana huamuliwa na alfabeti, na hakuna anayelalamika kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Nilikagua tarehe. Nilikagua nafasi kati ya mistari na majina marefu yanayokatika vibaya mwisho wa safu. Nilifika kwenye ukurasa wetu, nikamwona dada yangu, na machozi yakanitoka ofisini mbele za watu. Macho yangu yalikuwa yakitafuta kama yupo. Hayakutazama yupo wapi.

Jumamosi nilimpelekea mama nakala ya kusahihisha. Alinawa mikono, akakaa kibarazani, akaanza kusoma kama asomavyo, kidole chini ya kila neno. Nilimfungulia ukurasa nikakaa pembeni. Kidole kikashuka polepole mpaka kwenye tarehe yetu, kikasimama. Kikashuka mstari mmoja. Kikapanda. Kikashuka tena. Kisha akafunga kitabu na kunirudishia.

"Sawa," alisema. "Asante mwanangu."

Akaingia ndani. Siku zile zote zilizofuata alikuwa kimya, anajibu anachoulizwa basi. Nilijua ni huzuni ya zamani imeamshwa, nikamwacha nayo. Nilijiona hata mtoto mwema.

Wiki iliyofuata nilivuka ziwa kwenda Kamanga kumsomea bibi. Nilimkuta amekaa mlangoni kwake juani, kitambaa kichwani, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja na macho? Maana mie nimebaki na masikio tu."

Nikamtajia jina langu na la mama yangu, nikakaa kwenye kigoda nikaanza kusoma. Sijapata kuona kumbukumbu ya namna ile. Nikisoma jina la mama, yeye ananimalizia la baba. Huyu alizaliwa mvua inanyesha ndani ya nyumba. Huyu baba yake alihamia Geita, hakurudi. Huyu sasa ana wajukuu. Mahali nilipotamka jina vibaya alinirekebisha, kwa upole lakini bila kuacha hata moja. Tukafika kwa mapacha wa kwanza katika kitabu. Nikasoma.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Haya, endelea."

Tukaenda kurasa nyingine kadhaa, wakatokea mapacha wengine. Nikasoma. Akainua mkono.

"Hebu simama hapo. Wewe unasoma kutokea chini?"

"Hapana bibi. Nasoma kama ilivyo."

"Mie sikuandika hivyo. Anayefuata atatangulia vipi, mwanangu? Hilo hata asiyejua kusoma analijua. Tazama na wengine."

Nikafungua kurasa harakaharaka. Kila mahali palipokuwa na mapacha, D alikuwa juu na K alikuwa chini. Kitabu kizima. Nikafika kwetu, nikayasoma majina yetu kwa sauti, langu kwanza.

"Na dada yako umempita," alisema. Hakusema kwa hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mvua ikija, madaftari yale nilikuwa nayaingiza ndani kabla ya kuku. Saa sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni juu na chini."

Hapo ndipo nilipokiona tena kidole cha mama yangu, kinashuka, kinapanda, kinashuka.

Nilirudi mjini nimejaa hasira, na kwa kuwa wa kumkasirikia nilikuwa mimi, niligombana na mtu wa tiketi kwenye kivuko, ambaye hakuwa amenikosea kitu. Ofisini nilifungua maelekezo yangu, na mstari wa pili ulikuwa pale, safi, nilioandika kwa mkono wangu. Nilimwita mwenzangu nikamwonyesha. Akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Wakilingana, waache," alisema. "Nilikuambia mwaka ule."

Aliniambia kweli. Lugha ile ikipewa kazi ya kupanga, na vitu viwili vikalingana kwa kila kipimo ulichotaja, haivigusi. Vinabaki vilivyokuja: aliyekuwa mbele yuko mbele, aliyekuwa nyuma yuko nyuma. Nilikuwa nimeisoma kanuni hiyo, nimejibu maswali yake, nimewafundisha wengine. Lakini moyoni sikuwa nimeiamini. Nilidhani kisichoamriwa kitaharibika, nikaongeza amri, na amri yangu ndiyo iliyoharibu.

Nikaufuta mstari ule. Sikuongeza kitu chochote mahali pake. Nikaendesha kazi upya, na katika kitabu kizima kila pacha akarudi alipowekwa na bibi, na kompyuta haikuwa imefundishwa pacha ni nini. Waliobuni lugha ile hawakuwahi kusikia habari za Usukumani. Hawakujua kwamba kuna mwanamke Kamanga asiye na saa. Walichoamua ni kwamba mahali wasipokuwa na sababu ya kubadilisha utaratibu wa mtu, hawatabadilisha. Nimeona busara nyingi zenye makelele katika kazi hii, na sijaona nyingine inayonitosha kama hiyo. Mwenzangu alivaa miwani yake akarudi mezani kwake, na nadhani alijua kwamba nalia tena.

Madaftari yalikuwa hayaruhusiwi kutoka ofisini. Nilimwomba mkuu wetu anipe la nne kwa siku moja. Akaniangalia, akanipa.

Mama alikuwa jikoni anachambua maharage. Niliketi chini karibu naye nikamwambia kwamba nimekosea, kwamba kitabu kilitupanga vibaya kwa kosa langu mimi na si la bibi, na kwamba bibi aliandika hivi. Nikafungua daftari mapajani mwake. Aliitambua kalamu ya bluu kabla hajasoma neno. Akaweka kidole kwenye mstari wa juu, akasoma jina kwa sauti ndogo, herufi zote. Hakukitoa kidole hapo.

"Nilidhani ni mimi," alisema.

"Wewe umefanya nini, mama?"

"Nilidhani nimekuwa nikijidanganya miaka yote. Nikasema, kama bibi ndivyo alivyoandika, basi mimi ni mzee, nimechanganya, nimejitungia."

Nikamuuliza amejitungia nini. Alichambua maharage machache kwa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kikiwa palepale.

"Wewe ulichelewa," alisema. "Bibi alimkata kitovu mwenzio, akamviringisha kwenye kanga, akaniwekea hapa kifuani, akarudi kukungoja wewe. Sijui ulikaa muda gani huko. Jua lilikuwa mlangoni, likaja likafika kwenye mguu wa kitanda. Alikuwa amefumbua macho, ananitazama. Wewe ulipokuja ulikuwa mdogo, hunyonyi, hulii, tukakuhangaikia wewe tu, usiku na mchana, mpaka siku alipoanza kuumwa yeye."

Alifunga daftari taratibu, lakini hakunirudishia.

"Muda ule, kabla hujaja, nilikuwa mama yake yeye peke yake. Ndio huo tu niliokuwa nao naye, na kitabu chako kilikuwa kimekupa wewe."